Sauti ya Mama Yako Haikuwa Ndogo

Gitting, saa tisa alasiri

Fausta mwanangu,

Umeshuka Katesh kumuaga shangazi yako na utarudi na gari la jioni, kwa hiyo nina saa chache za kuandika kabla hujafika ukaniuliza ninaandika nini. Mambo ya kula, kulala na kuamkia wakubwa sitayagusa. Mama yako amekwisha kuyasema yote, na kama lipo alilosahau basi amelifunga ndani ya ule mfuko wa maharage.

Nakuandikia kwa sababu ya juzi. Uliniuliza, "Baba, mbona unatetemeka?" nami nikakujibu kuwa ni moshi. Moshi upi, mwanangu? Hata kuni zenyewe nilikuwa bado nazipasua. Nilikudanganya.

Ngoja nikueleze nilivyoisikia mimi. Wewe ulikuwa ndani ya kile chumba changu cha zamani cha kurekodia, unazijaribu zile spika zako mbili mpya kabla ya kuzifunga kwa safari ya Arusha, kwenye kazi yako mpya ya studio. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na shoka. Mara nikasikia mwanamke anaimba. Hakuna kinanda, hakuna ngoma, sauti tupu, safi, inapanda polepole kama mtu anayejua anakokwenda. Nilidhani tumepata mgeni. Nikajiuliza, ni nani huyu wa Gitting anayeimba hivi na mimi simjui? Nikaliweka shoka chini, nikazunguka nyumba. Mama yako naye alikuwa ameinuka na ungo wake wa maharage, amesimama mlangoni pa chumba.

"Nani huyo anaimba?" akakuuliza.

"Mama, si wewe? Faili lina jina lako. Nimelitoa kwenye diski ya zamani ya baba."

"Mimi?"

"Wewe, mama. Sikiliza."

Nilimwona anakaa juu ya gunia bila hata kuangalia kama gunia lipo. Akakuambia urudishe mwanzo, ukarudisha. Alisikiliza mara tatu, ungo umelala mapajani. Mara ya tatu ilipokwisha hakukutazama wewe wala zile spika. Alinitazama mimi, akauliza taratibu, "Sasa ile sauti ndogo iko wapi?"

Wewe ulicheka, ukadhani ni utani wa wazee. Mimi nilitoka, nikasema nakwenda kunywesha ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wameshakunywa.

Fausta, swali lile lina miaka kumi na minne. Wakati ule ulikuwa na miaka minane. Nitakuambia lilikotoka, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia. Ukishamaliza kasirika tu, ni haki yako.

Unajua nilianza na mziki wa harusi. Unajua pia mziki huku kwetu unapimwaje. Hakuna anayeuliza kama ulikuwa safi, wanauliza ulifika wapi. Mtu akioa upande huu wa bonde na wa ng'ambo wasisikie, watasema harusi ile ilikuwa kama msiba. Basi nilipokwenda Katesh kununua spika, nilizichagua kwa ajili ya bonde. Mzee Juma, yule mwenye duka la vifaa vya umeme, aliniuliza nazitaka za kazi gani. Nikamwambia za harusi, na baadaye za studio. Akacheka mpaka kofia ikasogea.

"Kijana, hizi ni za uwanjani. Ukizifungia chumbani zitakupigia kelele usoni. Za studio ni nyingine, ndogo. Subiri nikuagizie."

Mimi nikaona mzee anataka kuniuzia kitu kidogo kwa bei kubwa. Ujuaji ni ugonjwa, na mimi nilikuwa mahututi.

Nilizipakia kwenye lori la viazi mpaka nyumbani. Siku ileile nikamtuma mama yako avuke bonde, apande mpaka kilima cha ng'ambo, na akisikia mziki apunge kitenge. Alikwenda kwa mguu, karibu saa nzima, na ukungu ulikuwa umeshuka. Nikawasha jenereta, nikafungulia mziki. Nikangoja. Ukungu ulipofunguka kidogo nikaona kitenge kinapungwa, nikaruka kama mtoto. Aliporudi sketi ilikuwa imelowa mpaka magotini. Akasema, "Baba Fausta, zinasikika, lakini maneno sikuyashika." Katika sentensi nzima nilisikia neno moja tu, zinasikika.

Umeme ulipofika kijijini, nikaligeuza ghala la mahindi kuwa studio. Hatua nne kwa nne, tofali tupu, bati juu. Zile spika za harusi nikazisimamisha mle ndani, kubwa kama makabati, na kiti nikakiweka katikati kabisa ya chumba. Nilidhani katikati ndipo kwenye haki. Leo najua kwamba katikati ya chumba cha mraba ndipo besi inapopotea. Mimi sikuisikia, nikawa naiongeza. Na ile pembe iliyo juu ya spika, iliyotengenezwa kurusha sauti ng'ambo ya bonde, ilikuwa ikinichoma masikio kila mwanamke alipoimba, basi nikawa nawapunguza sauti wanawake. Mama yako ndiye aliyekuwa na sauti ya juu kuliko wote. Kwa hiyo yeye nilimpunguza kuliko wote.

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa, nyimbo nane za kwaya ya kigango chetu. Mwalimu Silvesta, mwalimu wa kwaya, alimpa mama yako solo ya wimbo wa mwisho. Aliirekodi peke yake, mara moja, akatoka akaenda kukamua. Hata siku hiyo sikumsikiliza. Nilikuwa nakodolea macho taa za mashine zisifike kwenye nyekundu.

Uzinduzi wa CD tuliufanyia Katesh, ukumbini, kwa spika za kukodi za mtu mwingine. Mama yako alivaa sare mpya, na wewe ulikuwa umeegemea magoti yake unakula andazi. Nyimbo saba zilipita zikinguruma, watu wakawa wanatazamana. Wa nane ukaanza. Besi ikatikisa glasi mezani kwa mgeni rasmi, na solo ilipofika, mama yako akasikika kama mtu anayeita akiwa nyuma ya ukuta. Nyuma kabisa mtu akacheka. Mwalimu Silvesta akanijia mbele ya kwaya nzima, akaniuliza, "Emanueli, sauti ya mama iko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema nitaangalia. Hata kunyamaza kungetosha. Nilichosema ninakikumbuka neno kwa neno: "Mwalimu, sauti yake ni ndogo. Nimeipandisha mpaka mwisho wa mashine. Mashine haiwezi kumpa mtu kitu asichokuwa nacho."

Na nilikuwa nimeishusha, Fausta. Kwa mkono huuhuu unaokuandikia.

Mama yako alikufuta makombo mdomoni, akakaa vizuri, akapiga makofi pamoja na wengine ilipokwisha. Jumapili iliyofuata hakukaa kwenye benchi la kwaya. Sare aliirudisha ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Mwalimu Silvesta alikuja nyumbani mara mbili kumbembeleza, na mara zote mbili nilikuwepo, nikamsikia akimjibu, "Mwalimu, Baba Fausta ndiye anayejua mambo ya sauti, na ameshasema." Mimi nilikuwa nakunywa chai. Niliendelea kunywa chai.

Akaacha kuimba hata shambani. Akaacha hata wakati wa kukamua, mpaka yule ng'ombe mwekundu aliyezoea kuimbiwa akawa anapiga ndoo mateke. Ulipokuwa darasa la tano uliniuliza kwa nini mama haanzishi pambio kwenye jumuiya kama mama wa wenzio. Nikakuambia mama yako ni mtu wa kimya tangu kuzaliwa. Uliniamini, ukakua na mama wa kimya. Nimekuibia na wewe pia, na hilo naomba unisamehe kivyake, usilichanganye na mengine.

Sasa usije ukafikiri kwamba sikujua. Hapo ndipo aibu yenyewe ilipo. Miezi miwili baada ya uzinduzi niliingia dukani kwa Mzee Juma, naye akaniambia nimpe ile CD aisikie. Aliipiga kwenye spika zake mbili ndogo za mezani. Nikasikia nilichokifanya, kila kitu, peupe. Mzee Juma hakunicheka. Alipunguza sauti mwenyewe ili wateja wasisikie, akaniagizia chai. Nikarudi na gari la jioni, njia nzima napanga maneno ya kumwambia mama yako. Nilipofika alinimwagia maji ya kunawa. Nikanawa, nikala, nikalala. Kesho yake nikasema kesho. Siku ya uzinduzi nilidanganya kwa hofu. Miaka iliyofuata nilidanganya kwa sababu nilikuwa nimezoea na hakuna aliyenisumbua.

Lakini hata siku ile ya Mzee Juma nilidhani nimeharibu sauti ya kawaida. Yale mafaili ya awali, yenye sauti tupu kabla sijazigusa, sikuyafungua tena. Niliifungia diski kwenye kopo la maziwa ya unga nikaliweka darini, na wewe na udadisi wako ukaenda kulitoa. Juzi ndipo nilijua nilificha kitu gani. Miaka ishirini na minne nimelala kitanda kimoja na sauti ile, halafu natoka na shoka nadhani ni mgeni! Nimeshtuka, mwanangu, na mshtuko hauishi.

Ulipoleta spika zako mwezi uliopita nilikucheka. Nilisema hizi ni za kuamshia vifaranga. Nikakuambia ukifika Arusha na vitu hivi wenye studio watakuona mtoto, chukua kubwa za watu wazima. Ukanijibu kwa heshima zako zote, "Shikamoo baba, lakini hizi hazipambi. Kibaya kinabaki kibaya." Baadaye shangazi yako alinisimulia kwamba ulishinda dukani siku mbili ukizipigia wimbo uleule mmoja unaoujua tangu utotoni, ukibadilisha spika hii na ile, mpaka muuzaji akakuachia kiti chake. Ulikuwa sahihi. Spika inayoufanya kila wimbo uwe mtamu ni sawa na mgeni anayesifia kila chakula, huwezi kujua chumvi imezidi. Mimi nilitaka spika za kunisifia mbele ya bonde zima, nikazipata.

Machache niliyojifunza kwa aibu uyachukue. Usiruhusu chumba kidogo kikapewa spika kubwa, hata mwenye studio akijivuna nazo namna gani. Zisogeze mbali na ukuta. Wewe na spika mbili mkae kama mafiga matatu, umbali sawa kila upande, na zile twita, vispika vidogo vya juu vya sauti nyembamba, zitazame masikio yako, zisiimbie magoti. Usikae katikati ya chumba kama mimi. Pembeni weka hata magunia, hata blanketi zito, ilimradi ukuta usikurudishie maneno yako mwenyewe. Na sauti uiweke chini, ya kiasi kwamba mtu akiingia akakusalimu unamwitikia bila kupaza. Nilikuwa nafungua mpaka bati linalia, nikidhani ndiyo kazi. Masikio yakichoka hayakuambii kwamba yamechoka, yanakuambia wimbo ni mzuri.

Halafu toka nje na wimbo wako. Usikilize kwenye simu ya mtu, kwenye redio ya basi, kwenye kibanda cha chipsi. Kama umeharibika huko, umeharibika. Usiende kutafuta wa kumlaumu.

Utakaa kwenye kile kiti cha studio, Fausta, na watu watakuja na sauti zao, wengine wametoka mbali, wengine wana aibu hata ya kuvua koti. Wimbo ukitoka vibaya, anza kuishuku spika. Kisha shuku chumba. Kisha shuku masikio yako, hasa kama una njaa au una haraka. Mwimbaji awe wa mwisho kabisa, na hata ukimfikia, mwambie mkiwa wawili. Mimi nilianza na mwimbaji, tena mbele ya ukumbi, tena alikuwa mke wangu.

*

Niliacha kalamu kidogo. Mama yako aliingia, akaniona na karatasi, akauliza naandika nini. Nikamwambia ni barua ya Fausta.

"Umemweleza?"

Sikumuuliza nimweleze nini. Nikasema nimemweleza.

Alisimama pale na taulo la jikoni mkononi. "Na mimi utanieleza lini?"

Basi nikamweleza. Nikamwambia niliishusha kwa sababu spika zilikuwa zinaniumiza masikio. Alitikisa kichwa, hilo alikuwa ameshalielewa tangu juzi. Kisha nikamwambia la Mzee Juma, kwamba nilijua baada ya miezi miwili. Hapo akashika mwimo wa mlango.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi nilidhani mashine zilikupoteza tu. Tangu juzi nimekuwa nakutetea moyoni, nasema hata yeye hakujua. Kumbe Mwalimu Silvesta anakuja hapa kunibembeleza, unakunywa chai yangu, na unajua?"

Mara ya kwanza Silvesta alikuja kabla sijajua, lakini mara ya pili nilikuwa najua. Sikujaribu kulisahihisha hilo.

"Emanueli," akasema.

Fausta, tangu ulipozaliwa mama yako hajawahi kuniita jina langu. Mimi ni Baba Fausta, hata tukigombana. Niliposikia lile jina mdomoni mwake nilishtuka kuliko juzi. Nilijiona kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ya wenyewe.

"Emanueli, ulinisema mbele ya watu. Kesho asubuhi jumuiya inakuja kumwombea mtoto safari, na kwaya itakuwepo. Utasema mbele ya watu."

"Nitasema."

"Na Fausta asizifunge zile spika. Nataka wasikie."

Kisha akarudi jikoni.

Kwa hiyo ukifika jioni, mizigo mingine funga, spika ziache pale mezani. Kesho Mwalimu Silvesta atakuwepo, amezeeka sasa na anatembea na fimbo, lakini masikio yake ni yaleyale. Nitasimama kabla ya sala, nitasema nilivyoishusha, nitasema nilijua, na wewe utapiga faili la mama yako bila kuongeza wala kupunguza kitu. Nimekuandikia leo ili hayo usiyasikie kwa mara ya kwanza ukiwa katikati ya watu, na begi mkononi. Naogopa, sitakuficha. Sijui watanitazamaje. Zaidi ya hapo sijui kama gari lako likishaondoka nitabaki na mke anayeniita Baba Fausta, na kama hataniita, sina wa kumlalamikia.

Ningekuwa nimemaliza hapa. Nilikuwa naikunja karatasi niliposikia kitu jikoni, nikaikunjua tena.

Mama yako anaimba. Ile solo. Nadhani anajaribu kama anaweza kusimama kesho, kwa sababu ameufunga mlango. Mstari wa kwanza ameuimba taratibu, maneno yote anayo. Amefika pale panapopanda, pale juzi sauti ilipopita bila kuchoka, na imekatika. Amekohoa, ameanza tena chini zaidi. Imekatika palepale.

Ameanza mara ya tatu. Fausta, haipandi tena. Niko hapa mezani nasikiliza kwa masikio yangu tu, na hakuna spika ya kusingizia.

Ni mimi baba yako,
Emanueli